Ugumba wa mwanamume

Ugumba wa mwanamume ni hali ya kushindwa kumpa mwenzi mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana bila kinga. Mwanamume huchangia takriban nusu ya visa vya wanandoa kukosa mtoto. Kumlaumu mke peke yake ni kumwonea.

Mbegu za kiume hutengenezwa kwenye korodani kwa zaidi ya miezi miwili, katika joto la nyuzi 2 hadi 4 chini ya lile la mwili. Sigara, ulevi, unene uliokithiri na joto kali la muda mrefu huzipunguza au kuzidhoofisha. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kuziba mirija ya mbegu. Matumbwitumbwi baada ya balehe huweza kudhuru korodani.

Kwa mkazi wa Buzebazeba, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kinga huanzia jikoni: dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika hutoa protini na mafuta yenye faida. Kwa kuwa joto kali hudhuru mbegu, anayebanika samaki apumzike mbali na moto. Mume na mke wapimwe pamoja, na mabadiliko ya mwenendo yapewe angalau miezi mitatu ili mbegu mpya zitengenezwe.