Busan: mji ambao dini zake zilishuka melini

Treni ya mwendo kasi inayotoka Seoul asubuhi ya Jumamosi humfikisha abiria Busan kabla ya chakula cha mchana. Hadi Jumapili jioni atakuwa ameona karibu kila kitu ambacho vipeperushi vya utalii vilimwahidi: ufukwe wa Haeundae, hekalu la Haedong Yonggungsa lililosimama juu ya miamba inayopigwa na mawimbi, na nyumba za rangi za Gamcheon zilizopandana mlimani. Ratiba ya namna hiyo humwachia mgeni wazo moja tu kuhusu imani: kwamba dini katika mji huu wa bandari ni jambo la kale na tulivu, la watawa na kengele. Wazo hilo linapotosha. Mengi ya mambo ya imani yaliyoifanya Busan iwe ilivyo leo hayakuanzia kwa watawa wa zamani, wala hayakuletwa na wamisionari. Yalikuja na watu waliong'olewa makwao, hasa wakimbizi wa vita vya 1950 hadi 1953, na yakachukua sura ya shida zao: kumtafuta ndugu, kupata tiba, kupata pa kulala, na kuelewana na wafu wa watu wengine.

Mtu anaweza kupinga hapo hapo kwa kutaja tarehe. Hekalu la Beomeosa, kwenye mteremko wa mlima Geumjeong, huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 678, kwa mtawa Uisang; Haedong Yonggungsa hujihesabu tangu 1376, kwa mtawa Naong. Na Ubuddha ungali dini kubwa kuliko zote mjini. Sensa ya 2015 iliwakuta Wabuddha wakizidi robo ya wakazi, ilhali Waprotestanti walikuwa kama mmoja kati ya wanane. Yote hayo nayakubali. Lakini mahekalu yote mawili yaliharibiwa katika vita vilivyoanza 1592, majeshi ya Toyotomi Hideyoshi yalipoivamia Korea kutoka Japani. Beomeosa lilijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 17, na lile la baharini, ambalo leo hupigwa picha kuliko yote, halikuinuliwa tena hadi miaka ya 1930. Ubuddha wa Busan ni dini ya wenyeji. Ulikuwapo, ukaendelea kuwapo, lakini si wao uliougeuza mji katika karne ya 20.

Wala wamisionari hawastahili sifa hiyo, ingawa vitabu vya historia ya kanisa hupenda kuanzia kwao. Bandari ya Busan ilifunguliwa kwa mkataba wa Ganghwa mwaka 1876, kwa shinikizo la Japani, na wamisionari wengi walipita hapa wakielekea Incheon na Seoul. Walipita tu. Joseph Henry Davies, Mpresbiteri kutoka Australia, alisafiri kwa miguu kutoka Seoul mwaka 1890 akitaka kufungua kazi Busan. Alifika akiwa na ndui na akafa baada ya muda mfupi. Mmarekani William Baird alianza kazi mjini mwaka 1891, kisha akahama, na mwaka 1897 alikuwa Pyongyang akianzisha shule ya Soongsil. Kuhama kwake kunaeleza mengi. Mavuno yalikuwa kaskazini. Uamsho wa 1907 uliifanya Pyongyang iitwe Yerusalemu ya Mashariki, huku Busan ikibaki bandari ya samaki, forodha na walowezi wa Kijapani waliosali kwenye madhabahu yao ya Shinto juu ya kilima cha Yongdusan, pale ambapo leo umesimama mnara wa watalii. Ili imani ya Pyongyang ifike Busan, ilibidi kwanza Pyongyang ikimbiwe.

Majeshi ya Korea Kaskazini yalivuka mpaka tarehe 25 Juni 1950. Siku tatu baadaye Seoul ilianguka, na ilipofika Agosti serikali ilikuwa imehamia Busan, wakati majeshi ya Umoja wa Mataifa yamebanwa kwenye pembe ya kusini mashariki, nyuma ya mto Nakdong. Mji uliokuwa na watu wasiofika nusu milioni kabla ya vita ulipita milioni moja katika sensa ya 1955. Wimbi lililokumbukwa kuliko yote lilikuja Desemba 1950, China ilipokwisha kuingia vitani na raia wapatao 100,000 wakaondolewa kwa meli kutoka bandari ya Hungnam. Meredith Victory, meli ya mizigo iliyokuwa na nafasi ya abiria 12, ilibeba takriban watu 14,000, na watoto watano wakazaliwa safarini. Ilipofika Busan ilikataliwa kuwashusha kwa kuwa mji ulikuwa umefurika; ikapelekwa kisiwa cha Geoje, na watu wakashuka siku iliyofuata Krismasi. Nahodha wake, Leonard LaRue, aliingia utawa wa Kibenediktini huko New Jersey mwaka 1954 na kukaa humo hadi alipofariki 2001. Mwaka huohuo, abasia yake ikiwa karibu kufungwa kwa kukosa watawa, abasia ya Waegwan ya Korea Kusini ilikubali kuichukua. Nayo Waegwan ilianzishwa mwaka 1952 na watawa waliofukuzwa Tokwon, kwenye pwani ileile ya mashariki ambako Hungnam ipo. Msomaji apime mwenyewe kama hiyo ni sadfa.

Waliopotezana njiani walikuwa wameagana kukutana kwenye daraja la Yeongdo. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1934, na kipande chake kilikuwa kikiinuliwa kupisha meli, hivyo sifa zake zilikuwa zimeenea nchi nzima. Kwa watu wengi wa kaskazini ndiyo alama pekee ya Busan waliyoijua. Watu waliandika majina ya ndugu zao kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika hapo. Chini ya daraja wakakaa wapiga ramli, na biashara yao ikashamiri kwa swali moja: yu hai? Wapo watakaosema kwamba hao hawana nafasi katika historia ya imani, kwamba huo ni ushirikina wa njaa. Mimi naona kinyume. Palikuwa hapana ofisi ya kumpata mke aliyeachwa Hungnam, wala posta ya kupeleka barua ng'ambo ya mstari wa vita. Mpiga ramli alifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuifanya, nayo ni kumpa mtu jibu la kulala nalo usiku huo. Makanisa ya mahema yaliyoota vilimani yalipokea watu walewale wenye swali lilelile, na sidhani kama aliyetoka kwa mpiga ramli Jumamosi akaingia kanisani Jumapili alijiona mnafiki.

Ami-dong, kilima kilicho juu ya gati, kinaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Enzi za ukoloni kilikuwa makaburi ya Wajapani. Walipoondoka mwaka 1945 waliacha wafu wao, na wakimbizi walipokosa mahali pa kujenga, walijenga juu ya makaburi. Mawe yenye majina ya marehemu yaligeuka ngazi, misingi ya nyumba na kuta, na baadhi yanasomeka mpaka leo. Wajapani walikuwa wameitawala Korea kwa miaka 35, na katika miaka ya mwisho waliwalazimisha Wakorea kuinama mbele ya madhabahu ya Shinto. Kisasi kingeeleweka. Badala yake wakazi wa Ami-dong walizoea kuwawekea chakula wafu hao wasiowajua, hasa siku za matambiko ya mababu, kwa kuwa waliishi juu ya vichwa vyao. Hakuna mchungaji wala mtawa aliyewaamuru kufanya hivyo.

Gamcheon nayo, bonde la pili kutoka hapo, inauzwa kwa mgeni kama kijiji cha sanaa. Rangi na michoro yake ni kazi ya mradi ulioanza 2009. Kijiji chenyewe kilianza kama makazi ya waumini: wafuasi wa Taegeukdo, dini mpya ya Kikorea iliyoongozwa na Jo Cheol-je, walihamia hapo kwa maelfu katika miaka ya 1950, baada ya vibanda vyao katikati ya mji kuamriwa kuondolewa. Si wote waliokuwa wakimbizi wa kaskazini. Wengi walitoka mikoa mingine ya kusini, na hapo hoja yangu inahitaji kutanuka kidogo, kwani kung'olewa hakukuhitaji bunduki kila mara. Walipanga nyumba zao kwa ngazi ili ya mbele isimzibie wa nyuma, mpangilio ambao watalii wanaupiga picha pasipo kujua kwamba wanapiga picha mtaa wa waumini.

Lakini kama ingebidi kuchagua ushahidi mmoja tu, ningemchagua daktari Jang Gi-ryeo. Alizaliwa 1911 katika mkoa wa Pyongan Kaskazini, akawa mpasuaji na mwalimu wa tiba Pyongyang, na alisali katika kanisa la Sanjeonghyeon. Kanisa hilo lina historia yake. Septemba 1938 mkutano mkuu wa Wapresbiteri, polisi wa Kijapani wakiwa ukumbini, ulipitisha kwamba kuinama mbele ya madhabahu ya Shinto ni desturi ya kiraia tu na wala si ibada. Mchungaji wa Sanjeonghyeon, Ju Gi-cheol, aliyewahi kuhudumu katika kanisa la Choryang hapa Busan, alikataa, akafa gerezani Aprili 1944. Waliokataa na kupona, kama Han Sang-dong, walianzisha chuo cha wachungaji Busan mwaka 1946, na kutoka hapo likazaliwa dhehebu la Kosin, ambalo lina mizizi mjini mpaka leo. Jang alikimbia Pyongyang Desemba 1950 akiwa na mtoto mmoja wa kiume. Mkewe na watoto wengine watano walibaki. Mwaka 1951 alianza kutibu wagonjwa bure ndani ya mahema huko Yeongdo, mwanzo wa Hospitali ya Injili, ambayo leo ni hospitali ya Chuo Kikuu cha Kosin. Mwaka 1968 yeye na wenzake wa kikundi cha kusoma Biblia walianzisha ushirika wa matibabu wa Msalaba wa Buluu, mchango ukiwa won 60 kwa mwezi, miaka tisa kabla ya serikali kuanza bima ya afya ya lazima mwaka 1977, tena kwa wafanyakazi wa makampuni makubwa tu. Alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1979. Hakuoa tena, na alikufa siku ya Krismasi 1995 pasipo kumwona mkewe.

Pingamizi zito zaidi ni la unga. Baada ya vita misaada mingi ya Marekani, unga na maziwa ya poda na nguo kuukuu, ilipitia mikononi mwa makanisa, na si siri kwamba wapo waliobatizwa wakiwa na kikapu mkononi. Mwanahistoria mwenye kushuku atasema kwamba kile ninachokiita imani kilikuwa foleni ya chakula. Kwa baadhi, ndiyo. Ila maelezo hayo yanashindwa pale ambapo faida ilikuwa upande wa pili. Kosin walijitenga na kanisa kubwa wakati hasa ambapo kubaki ndani yake kungewapa misaada. Waliomwekea Mjapani aliyekufa bakuli la chakula hawakulipwa na yeyote. Dada Helen na Catherine Mackenzie, waliozaliwa Busan na wazazi wamisionari wa Australia, walirudi mwaka 1952 kufungua hospitali ya Ilsin ya wanawake, na kina mama waliojifungua hapo walihitaji mkunga kuliko walivyohitaji madhehebu.

Liko pia pingamizi la siasa, na hilo silifuti. Imani iliyotoka kaskazini ilikuja na jeraha, na jeraha lilizaa chuki kali ya ukomunisti. Vijana wa kaskazini waliojiunga katika Umoja wa Vijana wa Kaskazini Magharibi, wengi wao Wakristo, walishiriki mauaji ya raia katika kisiwa cha Jeju kuanzia 1948. Hao walifika kusini kabla ya vita, na uwanja wao ulikuwa Seoul na Jeju zaidi ya Busan, lakini chimbuko ni lilelile. Kudai kwamba ukimbizi huzaa upole peke yake ni kusoma nusu ya daftari.

Hesabu za sensa nazo zinaniuliza: kama wakimbizi waliujenga mji kidini, mbona Busan ina Waprotestanti wachache kuliko wastani wa nchi, ambao ni karibu mmoja kati ya watano? Jibu ni kwamba wengi walirudi Seoul serikali iliporudi huko mwaka 1953, na makanisa makubwa ya wakimbizi yakakulia kule. Idadi ya waumini si kipimo pekee cha athari. Waliobaki walijenga hospitali, ushirika wa matibabu na mitaa mizima, vitu vinavyotumiwa na Mbuddha na asiye na dini sawasawa. Na kwa mujibu wa sensa ya 2015, wasio na dini ndio walio wengi Korea Kusini, asilimia 56.

Mgeni mwenye saa chache Jumapili mchana anaweza kwenda makaburi ya Umoja wa Mataifa, yaliyoanzishwa 1951, ambako kuna makaburi yapatayo 2,300. Waethiopia walipigana Korea pia, lakini maiti zao zilirudishwa kwao. Waturuki waliolala hapo ni 462, na wenzao waliobaki hai waliwafundisha Wakorea wa kwanza Uislamu katika miaka ya 1950. Msikiti wa Al-Fatah ulifunguliwa Busan mwaka 1980, huko Namsan-dong, karibu na Beomeosa. Siku hizi safu zake hujazwa zaidi na wageni: Wauzbeki, Wabangladeshi, Waindonesia wa viwandani na wa meli za uvuvi, wanaosali pale wanapopata nafasi kwa kuwa samaki hawangoji Ijumaa. Nao, kama watu wa Pyongyang wa 1951, hawakuja Busan kwa ajili ya dini.