Ununuzi wa Mwambao wa 1890 na Ardhi ya Upare

Wanafunzi wetu husoma jinsi Marekani, ikiwa taifa changa, ilivyoinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na eneo lake likawa karibu mara mbili. Ni wachache wanaoulizwa swali la pili: Napoleon aliuza ardhi ya nani? Swali hilo linatuhusu na sisi. Tanganyika nayo ina ununuzi wake, na matokeo yake yanaonekana hata Same, mbali na bahari.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mpaka kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Nyanza. Milima ya Upare ikaangukia upande wa Wajerumani bila Mpare hata mmoja kuulizwa. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 uliachwa kwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaukodi ukanda huo, na wananchi wakasimama kuipinga, Bushiri bin Salim akiwa mmoja wa viongozi wao. Kampuni ikashindwa, dola ya Ujerumani ikaleta majeshi, na Bushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikaununua mwambao, pamoja na kisiwa cha Mafia, kutoka kwa Sultani Ali bin Said kwa marki milioni 4.

Fedha hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kampuni ilizikopa kwa mabepari wa Ujerumani, na serikali yao ikaahidi kuilipa Kampuni marki 600,000 kila mwaka kutokana na ushuru wa forodha wa pwani hiyo hiyo. Ushuru huo ulitozwa juu ya pembe za ndovu na mali nyingine zilizoletwa pwani mabegani mwa wapagazi. Kwa maneno mengine, walionunuliwa ndio waliolipa bei. Tena, mwaka 1895 Waingereza walichukua pauni 200,000 zilizotokana na mauzo hayo wakailipa Imperial British East Africa Company, ili wao waitwae nchi ambayo leo ni Kenya. Fedha za ukoloni mmoja zikanunua ukoloni wa pili, na Mzanzibari wa kawaida hakuambulia kitu.

Lakini hiyo ilikuwa bei ya mlango tu. Nyumba ilichukuliwa bure. Amri ya Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote ambayo Wajerumani waliihesabu kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola yao. Upare ilikuwa na wenyewe. Koo zilikuwa na mashamba yao, na watu walikuwa wamechimba ndiva za kukusanya maji na mifereji ya kuyateremsha mashambani, kila mmoja akijua zamu yake. Walichokosa ni karatasi.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Haikupanda mlimani walikoishi watu wengi, bali ilifuata tambarare kupitia Makanya na Same. Mkonge, ulioletwa nchini na Hindorf mwaka 1893, ukaenea mabondeni, na hatimaye Kisangara, Makanya na Ndungu zikawa nchi ya mashamba makubwa. Kodi ya kibanda, iliyoanza 1898, ilimlazimisha mkulima atafute fedha, na fedha zilikuwa kwa mwenye shamba. Hivyo uzito wa uchumi ukateremka toka Usangi na Mbaga hadi kwenye stesheni, na Same ikaja kuwa makao makuu ya wilaya.

Kuna upande mwingine ambao makada hawana budi kuupima bila jazba. Upande wa Kenya mwambao haukununuliwa, ulikodiwa tu. Ndiyo maana mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni, ilibidi yafanyike mapatano na Sultani, huku wengine wakidai Mwambao ujitenge. Tanganyika ya 1961 haikuwa na deni hilo. Bandari zake zilikuwa zake, Tanga na Dar es Salaam. Mabeberu hawakutukusudia wema huo, na hatuwadai wala hatuwashukuru. Walikata kamba ya Sultani ili wafunge ya kwao.

Ya kwao ilikatwa na wananchi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi ya mbiru, na mji wa mtawala ukageuka uwanja wa umma. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake juu ya mali ya taifa, alikataa ardhi igeuzwe bidhaa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ukafutwa na hati zake zikageuzwa za kupanga kwa serikali. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikaingia mikononi mwa umma.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Kwa Upare, hiyo ndiyo haki ya waliochimba ndiva, ambayo amri ya 1895 haikuiona.