Bafu na Wosia: Mali ya Mke na Njia Inayofuata Akifa

Ukikaa Tunduma siku mbili tatu utazoea kumwona mwanamke akihesabu shilingi na kwacha bila hata kutazama vidole vyake. Mpunga wa Kamsamba, mahindi, vitenge, chakula cha madereva waliokwama kwenye foleni ya kuvuka mpaka wa Zambia kwenda Nakonde: akina mama wamo humo kote, na wapo waliowapita waume zao kipato kwa mbali. Mke wa namna hiyo akiuawa na mumewe, mtaa huwa na jibu tayari: wivu wa mapenzi. Jibu hilo hutufanya wavivu. Nadai kwamba uchunguzi uanzie kwenye karatasi: mali ilikuwa kwa jina la nani, na kifo chake kingeipeleka kwa nani.

Kesi inayolionyesha hili wazi zaidi ni ya Uingereza, na wanasheria wetu wanaijua kwa sababu nyingine. George Joseph Smith alinyongwa 1915 kwa kumuua Bessie Mundy, mmoja wa wanawake watatu aliowaoa na kuwazamisha bafuni. Vitabu vya sheria ya ushahidi vinaitaja kwa kanuni ya matukio yanayofanana: bafu la kwanza, la pili, la tatu. Mimi naona bafu limetupumbaza. Bessie aliachiwa na baba yake pauni zipatazo 2,500, lakini fedha zilikuwa mikononi mwa wadhamini waliompa pauni nane tu kwa mwezi. Smith alitafuta ushauri wa wakili, akaelewa kwamba mke akiwa hai mume hazigusi. Tarehe 8 Julai 1912 wakaandikiana wosia, kila mmoja akimrithisha mwenzake. Kesho yake akaenda dukani kutafuta bafu, akaomba apunguziwe bei. Tarehe 13 Bessie alikuwa maiti. Kwa hiyo silaha ya kwanza katika kesi hii ilikuwa wosia, na ulitiwa saini kabla bafu halijafika nyumbani.

Wadhamini wale walikusudiwa kumlinda, na walimlinda dhidi ya wizi. Hawakumlinda dhidi ya mauti, maana ulinzi wao ulikoma pale tu alipokata roho. Hapo ndipo Tunduma inapoingia. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inatamka kwamba ndoa haihamishi umiliki: kilicho cha mke kinabaki cha mke. Ni ushindi mkubwa, na sioni sababu ya kuubeza. Ila fikiria mwenye ghala pale Majengo, hati ya kiwanja kwa jina lake, Fuso kwa jina lake, laini ya simu ya biashara kwa jina lake. Mume aliyezoea kuomba nauli hawezi kuuza hata bati moja. Akiwa mgane, anaingia kwenye kikao cha ukoo akiwa wa kwanza kutajwa kuwa msimamizi wa mirathi.

Ni kweli kwamba muuaji hazuiliwi na dhamiri peke yake. Katika fiqhi ya Kishafii aliyeua harithi hata kama aliua kwa bahati mbaya. Mahakama za Uingereza nazo zilishaamua katika shauri la Cleaver la 1892 kwamba mtu hafaidi kutokana na kosa lake mwenyewe. Na kwa kuwa sheria yetu inapokea kanuni za Kiingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920, naamini hakimu wetu anayo mahali pa kushika. Tatizo ni saa. Milango yote hiyo hufungwa hatia ikishathibitishwa, na kesi ya mauaji haina haraka. Mirathi inayo. Isitoshe, chini ya Kanuni ya Adhabu mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha nia ovu. Kichocheo halazimiki kukithibitisha. Hivyo daftari la mkopo, kadi ya gari na tarehe ya kubadilishwa jina la mnufaika wa bima vinaweza visifunguliwe mahakamani kabisa.

Wapo wanaoshauri mama aandike mali kwa jina la kaka au la mtoto. Ushauri huo unamwondolea mume sababu na kumpa kaka. Ninalopendekeza ni dogo na la kuchosha kama kazi zote za makarani: kifo cha mwanandoa kikiwa chini ya upelelezi, mgawo usimame, na usimamizi apewe mtu asiye na fungu katika mali hiyo mpaka polisi wamalize.

Smith alipata takriban miaka miwili na nusu ya nafasi, na ndani yake wakafa Alice Burnham na Margaret Lofty, wote wakiwa na bima na wosia. Fedha za Bessie alizinunulia nyumba, akaziuza kwa hasara, kisha akanunua haki ya kulipwa kila mwaka maadamu yu hai. Siku aliyonyongwa Maidstone, malipo hayo nayo yakakoma.