Mzee wa Port Louis na Sindano ya Ujana

Tarehe 1 Juni 1889, jijini Paris, mzee wa miaka 72 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akawaeleza alichojifanyia. Alikuwa Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, bingwa wa uti wa mgongo aliyeheshimiwa Ulaya na Marekani. Alikuwa amesaga korodani za mbwa na za simbilisi, akachuja maji yake, akajidunga chini ya ngozi. Kabla ya hapo, akisimama maabara nusu saa tu ilimbidi atafute kiti. Sasa alifanya kazi wima kwa saa kadhaa, na ngazi alizipanda karibu mbio. Hata akili, alisema, ilikuwa imechangamka.

Simwoni kuwa tapeli. Alieleza alivyojisikia, na alikuwa na sababu ya kutumaini. Huko Göttingen, mwaka 1849, Arnold Berthold aliwahasi majogoo; upanga wao ukanywea, wakaacha kuwania mitetea. Wale aliowapandikizia korodani tumboni, upanga wao ulibaki mwekundu na wakawika. Kwa hiyo kuna kitu kinachotoka korodani na kusafiri kwenye damu. Kosa la Brown-Séquard lilikuwa la mapishi: kitu hicho, homoni iitwayo testosteroni, hakipatani na maji, wala korodani haziweki akiba yake. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walitengeneza upya mchanganyiko wa aina hiyo, wakakuta homoni iliyomo ni kidogo mno kufanya lolote. Kilichompandisha ngazi ni imani.

Imani hiyo haikufa naye. Serge Voronoff alipandikizia wanaume vipande vya korodani za nyani. Eugen Steinach wa Vienna alifunga mirija ya mbegu. Sigmund Freud alikubali kufanyiwa hivyo mwaka 1923, na mshairi W. B. Yeats mwaka 1934, akiwa na miaka 68. Yeats aliandika kwa nguvu mpya, lakini kufunga mrija hakuongezi homoni.

Mwaka 1935 testosteroni yenyewe ilipatikana, ikaundwa maabara, na swali likawa la haki kuliuliza: je, kupungua kwake ndiko kunakomfanya mzee asahau? Utafiti wa Baltimore uliochapishwa mwaka 2004 ulitia moyo. Kati ya wanaume 574 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 19, 54 walipata ugonjwa wa Alzheimer, na testosteroni yao isiyofungwa kwenye protini ilikuwa chini miaka mingi kabla hawajagunduliwa. Lakini unene na maradhi ya muda mrefu navyo huishusha homoni hii. Huenda homoni ilishuka kwa sababu mwili ulikwisha kudhoofika.

Brown-Séquard hakuwa na mwenzake aliyedungwa maji matupu. Majaribio ya Marekani yaliyotoa matokeo mwaka 2017 yalikuwa na watu wa kulinganisha nao: wanaume 493 wa miaka 65 na zaidi, homoni chini, kumbukumbu zimeanza kufifia. Nusu walijipaka jeli ya testosteroni mwaka mzima, nusu jeli isiyo na dawa. Walisomewa hadithi fupi, wakaachwa kwa muda, kisha wakaombwa waisimulie. Walioipata dawa na walioikosa waliikumbuka sawasawa. Na kwa wazee waliopigwa picha za moyo katika majaribio hayohayo, utando kwenye mishipa uliongezeka zaidi kwa waliotumia homoni.