Gari dogo kutoka Japani: Ipi ni tabia yake, upi ni ubovu?

MAGARI madogo yaliyotumika Japani, hasa Toyota Vitz, Toyota Passo na Honda Fit, yamekuwa magari ya kwanza kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi. Kwa aliyelinunua, gari la namna hiyo ni jipya, ingawa limekwisha kutembea katika barabara za huko lilikotoka kwa miaka kadhaa.

Ndani ya wiki chache za mwanzo, mmiliki huanza kuona na kusikia mambo asiyoyatarajia: mtetemo, taa ngeni, redio isiyokamata stesheni, hata sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani kila gari linapowashwa. Baadhi ya mambo hayo ni maumbile ya gari. Mengine ni dalili za ubovu.

Asiyeweza kuyatofautisha hupata hasara mara mbili. Kwanza humlipa fundi atengeneze kitu ambacho hakikuharibika, kisha hupuuza kile kinachoharibika kimyakimya.

Magari yenyewe

Vitz iliingia sokoni nchini Japani Januari 1999. Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris, jina ambalo mwaka 2020 lilichukua nafasi ya Vitz hata huko Japani. Honda Fit ilizinduliwa mwaka 2001, na katika nchi nyingi inajulikana kama Jazz. Passo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ilitengenezwa na kampuni ya Daihatsu.

Magari yote matatu yalibuniwa kwa ajili ya miji ya Japani, yenye lami laini, mitaa myembamba na wamiliki wanaolazimika kisheria kuyapeleka kwenye ukaguzi kila baada ya muda maalumu. Mengi yanayowashangaza wamiliki wa Afrika Mashariki chanzo chake ni hicho.

Mtetemo wa injini

Passo za lita moja, pamoja na Vitz za lita moja zilizotoka kuanzia mwaka 2005, zina injini ya 1KR yenye ukubwa wa cc 996. Injini hiyo ina silinda tatu badala ya nne, na kwa maumbile yake haitulii kama ile ya silinda nne.

Kwa hiyo gari likisimama kwenye foleni huku kiyoyozi kikifanya kazi, mtetemo mwepesi husikika kwenye usukani na viti. Hiyo ni tabia ya gari, na hakuna fundi anayeweza kuiondoa kabisa.

Hali huwa tofauti pale mtetemo unapoongezeka ghafla, gari linapokosa nguvu mlimani, au taa ya injini inapowaka. Hapo zikaguliwe plagi, koili zake, na mipira inayoshikilia injini, ambayo huchoka na kupasuka kadiri gari linavyozeeka.

Giaboksi ya CVT

Eneo linalowagharimu wamiliki fedha nyingi zaidi ni giaboksi. Fit nyingi, na Vitz nyingi za kuanzia mwaka 2005, zina giaboksi ya aina ya CVT. Ndani yake hakuna gia zinazopanda moja baada ya nyingine, bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadili upana wake.

Dereva anapokanyaga mafuta, injini hunguruma kwa sauti ile ile huku mwendo ukiongezeka taratibu. Aliyezoea giaboksi ya kawaida hudhani kuwa gia zinateleza, na wapo walioshauriwa kufungua giaboksi nzima kwa sababu hiyo tu. Mngurumo huo ndivyo CVT inavyofanya kazi.

Lakini gari kutikisika kwa mikupuo linapoanza kuondoka si tabia. Hali hiyo inajulikana sana kwenye Fit za kizazi cha kwanza, za mwaka 2001 hadi 2007, ambazo klachi yake ya kuondokea imezama ndani ya mafuta ya giaboksi. Mafuta yakichakaa, au yakiwekwa yasiyo ya aina yake, klachi hiyo hushika na kuachia.

Honda iliagiza mafuta ya HMMF kwa Fit za kizazi hicho. Toyota nayo iliagiza CVT Fluid TC kwa magari yake ya awali, na baadaye FE. Mafuta ya ATF, yanayofaa katika giaboksi nyingine za otomatiki, hayafai hapa: yanaweza kuua giaboksi nzima kwa kosa la lita chache.

Mmiliki anapaswa kuuliza jina la mafuta kabla hayajamiminwa, na kuliona limeandikwa kwenye kopo. Vilevile asidhani kuwa kila gari dogo lina CVT, kwani Passo za kizazi cha kwanza zina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne.

Taa ya bluu

Mengi ya magari haya hayana mshale wa kuonyesha joto la injini. Badala yake kuna taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto, ambayo huwaka injini ikiwa ya baridi na kuzimika yenyewe baada ya dakika chache. Taa hiyo si ya hatari; inamtaka dereva asiiharakishe injini kabla haijapata moto.

Taa nyekundu yenye alama hiyo hiyo ni jambo jingine. Mshale humwonya dereva mapema, lakini taa nyekundu huwaka wakati injini imekwisha kuchemka. Dereva atafute mahali salama, asimame na kuzima injini mara moja, na asifungue mfuniko wa rejeta kabla haujapoa.

Chanzo kimojawapo cha kuchemka ni mazoea ya kujaza maji ya bomba kwenye rejeta. Maji maalumu ya rejeta huzuia kutu na huchelewa kuchemka, sifa ambazo maji ya bomba hayana. Silinda hedi ya injini hizi ni ya alumini. Ikipata joto kupita kiasi hupinda, na gharama yake ni kubwa.

Kwa upande mwingine, maji safi yanayodondoka chini ya gari baada ya kutumia kiyoyozi ni ya kawaida kabisa. Yakiwa na rangi au utelezi, ndipo yachunguzwe.

Redio na sauti ya Kijapani

Redio ikikamata stesheni chache tu, haijaharibika. Kwa miaka mingi masafa ya FM nchini Japani yaliishia 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95, wakati Afrika Mashariki yanafika 108. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kubadili masafa kinachounganishwa kwenye waya wa antena, au kubadili redio yenyewe.

Ile sauti ya mwanamke nayo kwa kawaida haitangazi hitilafu. Mara nyingi inasema kuwa kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za haraka za Japani. Kifaa chake kinaweza kuondolewa na fundi umeme bila kuathiri gari.

Injini inayojizima

Baadhi ya magari haya ya miaka ya 2010 na kuendelea huzima injini yenyewe yanaposimama kwenye taa za barabarani, kisha huiwasha dereva anapoachia breki. Lengo ni kuokoa mafuta, na kipo kitufe cha kusitisha utaratibu huo.

Betri ya magari hayo ni maalumu, kwa kuwa huwasha injini mara nyingi kwa siku. Ikiwekwa betri ya kawaida, huchoka mapema na utaratibu huo kuacha kufanya kazi. Mmiliki huanza kulaumu gari, wakati tatizo ni betri.

Matairi na matuta

Tumbo la magari haya liko karibu na ardhi, takriban sentimeta 14 hadi 15 likiwa tupu. Likibeba watu watano na mizigo, kukwaruza matuta si ubovu. Mlio wa kugonga kwenye mashimo, hata hivyo, huashiria bushi au shokapu zilizochoka.

Magari mengine hufika yakiwa na matairi ya theluji, ambayo mpira wake ni laini na huisha haraka kwenye lami yenye joto. Umri wa tairi husomwa ubavuni mwake: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyembamba la akiba ni la kufikia gereji tu, kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa.

Hatari isiyo na taa

Jambo zito kuliko yote halina mlio wala taa. Ni kijazio cha mfuko wa hewa kilichotengenezwa na Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika Juni 2017. Vijazio vilivyohusika duniani kote vinakadiriwa kufikia milioni 100, vikiwamo vya baadhi ya Vitz na Fit.

Kemikali iliyomo ndani yake, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika. Ajali ikitokea, inaweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kasha lake na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa mwaka mzima.

Taa ya mfuko wa hewa huonyesha hitilafu ya umeme tu. Haiwezi kutambua kemikali iliyochakaa. Gari lililouzwa nje kabla ya kampuni kulitaka lirejeshwe kwa marekebisho linaweza kuwa bado lina kijazio kile kile.

Tovuti za Toyota na Honda nchini Japani zina ukurasa wa kuhakiki jambo hilo kwa namba ya chasisi. Likibainika halikurekebishwa, aulizwe wakala rasmi wa kampuni husika. Kamwe mfuko huo usifunguliwe kwenye gereji ya mtaani.

Ya kufanya mwanzoni

Kabla ya kuhangaikia redio na mtetemo, mmiliki mpya aanze na haya: ahakiki namba ya chasisi, asome umri wa matairi, abadili mafuta ya giaboksi kwa aina iliyoagizwa, na ajaze maji sahihi ya rejeta.

Kitabu cha gari mara nyingi huwa cha Kijapani. Vya Yaris na Jazz kwa Kiingereza hupatikana kwenye intaneti na husaidia kuelewa maana ya taa. Aina ya mafuta, hata hivyo, ihakikiwe kwa namba ya gari lenyewe, kwani injini na giaboksi zinaweza kutofautiana.