Maputo Yaliyobeba Simu

Mtu aliyepanda mlima wa Kasigau ajua kwa nini wenye simu hupenda kujenga minara vileleni: aliye juu huona mbali. Lakini mnara ni ghali, nao hauhami. Mwezi wa Julai 2020, kampuni ya Marekani iitwayo Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kueneza intaneti kwa maputo yapatayo 35, yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 juu ya nchi. Eneo lake lilikaribia kilomita za mraba 50,000, magharibi na katikati ya Kenya, Kasigau haikuwamo.

Shida ilikuwa upepo. Puto halitulii mahali pamoja, na mawimbi ya redio yakielekezwa lilipokuwa jana hupotea bure. Basi kazi ya kuchagua njia haikuachiwa kila puto. Programu moja iliyokuwa chini ilikadiria kila puto litakuwa wapi, ikaamuru lipi lielekee lipi kabla kiungo hakijakatika. Katika jaribio moja la Juni 2020, data ilishuka kwa kasi ya megabiti 18.9 kwa sekunde, nayo yatosha mazungumzo ya video.

Hata hivyo, Januari 2021 kampuni ilitangaza kwamba itafungwa, na mwezi wa Machi huduma ikakoma. Wenyewe walisema njia ya kupata faida ilikuwa ndefu kuliko walivyotumaini. Msomaji na atambue: chombo chaweza kufaulu angani kikashindwa sokoni, na wakaao mbali na mnara ndio hubaki wakingoja.