Sahani za Santuri: Jinsi Muziki wa Jazz Ulivyookolewa

Neno jazz bila shaka mmelisikia. Katika Tanganyika walikuwako wapigaji wa dansi waliojiita Dar es Salaam Jazz tangu mwaka 1932, na wengine Morogoro Jazz tangu mwaka 1944. Lakini jina hilo halikuzaliwa kwetu. Lilitoka Marekani pamoja na muziki wake, na historia ya muziki huo nusura ipotee kabisa. Leo nataka kuwaelezeni ni nani walioiokoa. Wengi wao hawakuwa watu wakubwa wa serikali, wala wenye makampuni. Walikuwa watu wa kawaida, waliokusanya sahani kuukuu za santuri.

Jazz ilianza katika New Orleans, mji wa bandari karibu na mahali mto Mississippi uingiapo baharini. Wapigaji wake wa kwanza wengi walikuwa watu weusi, watoto na wajukuu wa watumwa waliopata uhuru mwaka 1865. Karibu na mwaka 1900 aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Buddy Bolden, aliyezaliwa mwaka 1877. Alipiga tarumbeta, na wazee walisema kwamba mlio wake ulisikika mbali sana. Mwaka 1907 alishikwa na wazimu, akatiwa katika hospitali, akakaa humo hata alipokufa mwaka 1931. Twajua jina lake, na twayo picha yake moja. Mlio wa tarumbeta yake hatuujui. Yasemekana alipata kupiga mbele ya mashine ya kunasa sauti, na watu wameitafuta kazi hiyo miaka mingi, haijaonekana. Basi mtu aliyeutangulia muziki wote huo ni bubu kwetu.

Miaka kumi baada ya Bolden kunyamaza, yaani tarehe 26 Februari 1917, kampuni ya Victor ilinasa katika New York sahani ya kwanza ya jazz. Wapigaji walikuwa watu watano weupe, Original Dixieland Jazz Band. Mwaka 1923 King Oliver, mtu mweusi wa New Orleans aliyehamia Chicago, alikwenda na bendi yake Richmond, katika jimbo la Indiana, kupiga kwa ajili ya kampuni ya Gennett. Pamoja naye alikuwako kijana Louis Armstrong, ambaye baadaye jina lake lilienea duniani kote. Chumba cha kunasia sauti kilikuwa kando ya reli. Gari la moshi likipita, kazi ilikuwa haina budi kusimama.

Yafaa kujua kazi yenyewe ilivyofanywa. Siku hizo haukutumika umeme. Wapigaji walisimama mbele ya pembe kubwa. Sauti yao ikaingia pembeni, ikatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba juu ya nta. Kutokana na nta hiyo yalifanywa mafundi ya kalibu za madini, na kwa kalibu hizo zikapigwa chapa sahani zenyewe. Zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Sahani ilizunguka kiasi cha mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua muziki wa dakika tatu hivi. Ilikuwa nzito, na ikianguka ilivunjika kama chungu.

Kwa makampuni, sahani ilikuwa bidhaa tu, kama sabuni au nguo; ikiisha kuuzwa hakuna aliyeifikiri tena. Angalieni habari za kampuni ya Paramount. Ilikuwa mali ya watu wa Wisconsin waliotengeneza viti na makabati ya santuri, wakaanza kuuza na sahani. Sauti za wapigaji na waimbaji weusi wengi zilipita mikononi mwao. Dhiki ya biashara iliyoanza mwaka 1929 ilipowakaba, waliacha kunasa sauti mwaka 1932, na kalibu zikauzwa kwa bei ya madini chakavu. Kisha vikaja vita. Mwaka 1942 shelaki ilikuwa adimu, serikali ya Marekani ikapunguza sana kiasi cha kutengenezea sahani, na watu wakaombwa kutoa sahani zao za zamani ili zisagwe zifanywe mpya. Hivyo sauti nyingi zilikufa mara mbili: kwanza kalibu, kisha sahani.

Wakati huo huo walikuwako watu waliofanya kinyume. Tangu miaka ya 1930 na kitu waliingia katika maduka ya vitu vikuukuu, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakinunua sahani kwa senti chache. Yapasa kusema kweli: wauzaji mara nyingi hawakujua thamani ya walichotoa, na wapigaji wenyewe hawakupata kitu katika biashara hiyo. Hata hivyo, kama wakusanyaji wasingalikuja, sahani hizo zingalitupwa.

Lakini kukusanya peke yake si historia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sahani nyingi hazikuandikwa majina ya wapigaji, na nyingine ziliandikwa majina ya uongo. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alitoa katika Paris kitabu kiitwacho Hot Discography, ambacho ndicho daftari lenyewe: nani alipiga, chombo gani, mji gani, siku gani. Alama kubwa waliyoitumia watu wa kazi hiyo ni namba ndogo iliyochapwa karibu na kati ya sahani. Kwa kuwa makampuni yalitia namba hizo kwa kufuatana, zilionyesha kipi kilinaswa kwanza na kipi baadaye. Kisha waliwatafuta wapigaji waliokuwa hai, wakawauliza.

Hivyo ndivyo alivyopatikana Bunk Johnson, mpiga tarumbeta wa New Orleans aliyesahauliwa. Watu waliokuwa wakiandika kitabu cha Jazzmen, kilichotoka mwaka 1939, walimpata katika mji mdogo wa New Iberia. Hakuwa na meno, wala hakuwa na tarumbeta. Wapenzi wa jazz wakachanga fedha, wakampatia vyote viwili, na mwaka 1942 akanasa sahani zake za kwanza. Yeye alisema kwamba alizaliwa mwaka 1879. Waliochunguza baadaye wameona kuwa huenda alizaliwa miaka kumi baadaye. Wanafunzi, hapo pana fundisho: shahidi huheshimiwa, na maneno yake hupimwa.

Mwaka 1938 Alan Lomax wa maktaba kuu ya taifa, mjini Washington, alimketisha Jelly Roll Morton mbele ya piano, akamwacha asimulie maisha yake na kupiga nyimbo za New Orleans kwa muda uliozidi saa nane. Morton alikufa mwaka 1941. Masimulizi hayo yalitolewa yote pamoja, ndani ya kasha moja, mwaka 2005.

Na makasha hayo ndiyo matunda ya kazi ya wakusanyaji. Zamani sahani kadhaa zilitiwa katika jalada lenye mifuko, mfano wa albamu ya picha. Ndipo lilipotoka jina la albamu. Mwaka 1983 kampuni ndogo ya Mosaic, Marekani, ilianza kutoa makasha kwa idadi maalumu, kila moja likiwa na kijitabu cha majina na tarehe. Mwaka 2000 zilitolewa katika kasha moja kazi ambazo Louis Armstrong alizinasa tangu 1925 na bendi zake za Hot Five na Hot Seven. Msikilizaji aweza kuzifuata kwa taratibu, mwaka hata mwaka, akasikia kijana akigeuka kuwa bingwa.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay, akaimba mbele ya mashine, na nyimbo zake za Kiswahili zikatoka katika sahani za shelaki zilizo sawasawa na zile za Armstrong. Nazo huvunjika vile vile.

Kwa hiyo, mwenye sahani ya namna hiyo nyumbani asiitupe kwa sababu santuri yake imeharibika. Aisimamishe wima, wala asiilaze chini ya mzigo. Aiweke mbali na jua na moto. Aifute vumbi kwa kitambaa laini. Kisha amwulize mzee wake: ni nani anayeimba, nani anayepiga, ilinunuliwa wapi na mwaka gani? Ayaandike majibu katika karatasi, aiweke pamoja na sahani. Sauti ya Bolden imekwisha kupotea, na hakuna fedha iwezayo kuirudisha. Zilizobaki zatutegemea sisi.